Waifai haionekani kwenye Linux? Usikimbilie kuilaumu draiva

Mtu kaweka Linux kwenye laptop, waifai haionekani, na hukumu inatoka papo hapo: "Draiva haipo." Mara nyingi draiva (programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa) ipo, tena imeshaanza kazi. Kilichokosekana ni programu dhibiti (firmware) ya kadi.

Dhana: draiva na programu dhibiti ni kitu kimoja.
Draiva huendeshwa na prosesa ya kompyuta, ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Programu dhibiti huendeshwa na prosesa ndogo iliyomo ndani ya kadi yenyewe. Kadi za waifai za Intel huiweka kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo umeme ukikatika inafutika. Ndiyo maana kila kompyuta inapowashwa, draiva yake, iwlwifi, huiomba kerneli faili kwa jina, kerneli hulitafuta ndani ya /lib/firmware, kisha draiva hulisukuma hadi kwenye kadi. Kadi isipoamka, hakuna waifai.

Na kwa sababu hiyo hiyo, hofu kwamba faili lisilofaa "litaua kadi" haina msingi hapa. Kuandika upya BIOS, programu dhibiti ya kompyuta yenyewe, ni habari nyingine kabisa.

Dhana: kila kosa kwenye dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli) ni ugonjwa.
Ukiona "failed with error -2", maana yake ni faili halikupatikana, basi. iwlwifi huanza kuomba toleo jipya kabisa inalolijua, ikikosa inashuka hadi la chini yake, na kila ikikosa inaweza kuacha mstari wa kutisha. Soma mistari inayofuata. Ukikuta "loaded firmware version", yaliyotangulia yapuuze. Ukikuta "no suitable firmware found!", hapo una kazi.

Dhana: faili likiwa kwenye /lib/firmware, lazima lipatikane.
Hapa hata mafundi wazoefu hukwama. Draiva iliyojengwa ndani ya kerneli, au iliyowekwa kwenye initramfs (mfumo mdogo wa mafaili unaotumika mwanzoni mwa kuwaka), huweza kuanza kabla mfumo mkuu wa mafaili haujafunguliwa. Wakati huo /lib/firmware ya kwenye diski bado haifikiki. Linaloonekana ni lile tu lililomo ndani ya initramfs. Kadi za michoro zinazotumia draiva ya amdgpu hupatwa na hili. Utanakili faili, utawasha na kuzima hadi uchoke, na kosa litabaki lile lile, mpaka uiunde initramfs upya: `update-initramfs -u` kwenye Debian na Ubuntu, `dracut -f` kwenye Fedora. Dalili ya wazi ni hii: ukiiondoa draiva (kama haikujengwa ndani ya kerneli) na kuirudisha kwa amri ya modprobe mfumo ukiwa tayari umewaka, kifaa kinakubali.

Jambo jingine dogo linalosahaulika: faili lililobanwa ili kupunguza ukubwa kwa mbinu ya xz husomwa na kerneli kuanzia toleo la 5.3, na la zstd kuanzia 5.19, tena ikiwa tu uwezo huo uliwashwa wakati wa kuijenga.

Dhana: Windows haina mambo haya.
Inayo. Huko faili huja limefungashwa pamoja na draiva, hulioni. Kwa upande wa Linux, Debian kwa miaka mingi ilikataa kuyaweka mafaili haya kwenye kisakinishi chake rasmi kwa kuwa mengi hayana msimbo chanzo ulio wazi. Kura ya 2022 ikabadilisha msimamo, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, inakuja nayo.

Kujua majina ambayo draiva yako inaweza kuyaomba, andika `modinfo -F firmware iwlwifi`. Orodha ni ndefu. Kadi yako inahitaji moja au mawili tu.