Kabla ya kuzindua tovuti ya serikali, weka kipanya pembeni

Mteja akishindwa kutumia tovuti ya duka, huhamia duka jingine. Mwananchi anayetafuta pasipoti au cheti cha kuzaliwa hana serikali nyingine ya kukimbilia. Ndiyo maana Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inazitaja teknolojia za habari na mawasiliano sambamba na majengo, barabara na vyombo vya usafiri: vyote vinapaswa kufikika.

Asiyeona hutumia simu zilezile tunazotumia sote, ila huwasha kisoma skrini: TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye iPhone. Kwenye kompyuta za Windows ipo NVDA, ambayo ni ya bure. Programu hizi hutamka kilichoandikwa ndani ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayounda ukurasa, na hapo ndipo mengi huharibika bila wasanifu kujua, kwa sababu machoni pao kila kitu kiko sawa. Kitufe chenye picha ya bahasha lakini kisicho na jina husomwa “kitufe”, basi. Cha kutuma au cha kufuta? Mtumiaji abahatishe. Tangazo lililochapwa, likagongwa muhuri, likaskaniwa na kupandishwa kama PDF ni picha tupu. Kisoma skrini kinaweza kulipita bila kutamka neno. Ofisi za umma zinapenda mno mihuri, na sioni ubaya wake, mradi nakala yenye maandishi halisi iwekwe pia.

Kuna kasoro moja ndogo inayoudhi kuliko ukubwa wake. Ukurasa wa Kiswahili ambao msimbo wake unatangaza kuwa ni wa Kiingereza huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie kitu. Dawa yake ni herufi mbili tu kwenye msimbo: sw.

Wasioona si peke yao. Kiziwi anahitaji manukuu kwenye video ya maelekezo, na wengi wangefaidika zaidi na lugha ya alama. Mwenye uoni hafifu hashindani na maandishi ya kijivu juu ya weupe; WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikike kwa wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Asiyetofautisha rangi hatajua alipokosea ikiwa kosa limeonyeshwa kwa wekundu pekee. Naye mwenye mikono inayotetemeka hufukuzwa na mfumo kabla hajamaliza kujaza fomu, kwa kuwa muda umekwisha na hakuna aliyemuuliza kama anahitaji nyongeza.

Jaribio la kwanza halihitaji mtaalamu. Weka kipanya pembeni, kisha kamilisha huduma nzima kwa kibodi: kuingia, kujaza, kuambatisha, kulipa, kupata risiti. Nasisitiza huduma nzima. Ukurasa wa mwanzo mara nyingi hupendeza, kisha mwombaji anakwama kwenye yale maneno yaliyopindapinda ya kuthibitisha kuwa yeye si roboti. Programu za ukaguzi husaidia, lakini zinaweza kuona kwamba picha ina maelezo zisijue kama maelezo hayo yana maana.

Na tusidanganyane na vile vitufe vya nyongeza vinavyouzwa kama suluhisho la haraka, vya kukuza herufi na kubadili rangi. Kama msimbo wa chini ni mbovu, fomu itabaki vilevile.

Mahali pa kulimaliza jambo hili ni kwenye zabuni. Mkataba utaje WCAG 2.2, toleo la mwaka 2023, kwa kiwango cha AA, ambacho ni cha kati kati ya vitatu vya mwongozo huo. Utaje pia kwamba watu wenye ulemavu watajaribu mfumo, nao walipwe kwa kazi hiyo. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yasubiri hadi mtumiaji wa kisoma skrini aanze ombi na kulikamilisha mwenyewe, bila mtu wa kumshikia simu wala kumtajia neno la siri.