Wachimba sleti wa Penrhyn hawakugombea pesa tu

Kila nikifundisha historia ya Chama cha Wachimba Sleti wa Wales Kaskazini (sleti ni jiwe linalopasuliwa vipande vyembamba vya kuezekea paa), kuna mwanafunzi atakayesema: "Si waligoma kwa sababu ya mshahara mdogo?" Nimechoka kuisikia.

Dhana: Mgomo wa 1900 hadi 1903 ulihusu pesa.

Pesa zilikuwemo, nani kakataa? Lakini tazama kazi yenyewe. Katika machimbo ya Penrhyn, Bethesda, kikundi kidogo cha wachimbaji kilipewa kipande cha mwamba, na kila mwezi kikapatana bei na msimamizi. Mwamba mbovu ulivuta nyongeza kubwa, mwamba mzuri nyongeza ndogo. Msimamizi mwenye upendeleo aliweza kukuacha na njaa. Hata hivyo mchimbaji alijiona mtu wa kupatana, wala si kibarua, na ndiyo maana uongozi ulipowapa wakandarasi sehemu za mwamba, watu waliwaka.

Mwaka 1874, chama kilipoanzishwa, mwajiri alikubali kuzungumza na kamati ya wafanyakazi. Mwaka 1885 makubaliano hayo yakafutwa, na tangu hapo msimamo wa wakubwa ukawa mmoja: kila mwenye shida aje peke yake. Mvutano wa 1896 uliwaweka nje miezi 11. Tarehe 22 Novemba 1900 watu wapatao 2,800 walitoka tena, na safari hii mgomo ukafika Novemba 1903.

Ushauri wangu, hata mkiuchoka: ukisoma mgomo wowote, acha kwanza orodha ya madai. Tafuta jambo ambalo mwajiri amekataa kabisa kulizungumzia.

Dhana: Wote walikuwa kitu kimoja.

Wapi! Juni 1901 mamia walirudi kazini, na kila mmoja akapewa sarafu ya dhahabu ya pauni moja. Waliobaki nje wakabandika madirishani: "Hakuna msaliti katika nyumba hii." Uhasama ule ulirithiwa na watoto.

Dhana: Chama kilikufa na mgomo.

Kilishindwa, hakikufa. Kiliendelea hadi miaka ya 1920, kilipoungana na chama kikubwa cha wafanyakazi wa uchukuzi.

Dhana: Vumbi la sleti halidhuru.

Kuna madaktari waliodai hivyo, wakalaumu chai iliyochemshwa mno. Chai! Vumbi lile lina silika, madini ya mwamba, nayo huyatia mapafu makovu. Sheria ya kuwafidia wagonjwa ambao waajiri wao walikwisha kufunga biashara ilipitishwa 1979.