Kuongeza lugha kwenye kompyuta: maneno ya mtaani na ukweli wake

"Laptopu imetoka Dubai, imeingiwa na virusi, yote Kiarabu." Maneno haya hayaishi kwa mafundi wa Moi Avenue. Tiba ya haraka ni kufuta diski na kupiga Windows upya, na picha za harusi zinakwenda na maji.

Virusi hakuna. Kabla ya kufuta chochote, fungua mipangilio usome jina la toleo la Windows. Likiandikwa Home Single Language, leseni yenyewe inaruhusu lugha moja tu ya kuonyesha menyu. Utapakua kifurushi cha Kiingereza hadi bando liishe, na mfumo utakataa kukitumia. Njia ni mbili: kupandisha leseni iwe Home ya kawaida au Pro, au kuisakinisha Windows upya kwa Kiingereza baada ya kuhifadhi kazi zako pengine. Likiwa ni Home ya kawaida au Pro, ongeza lugha, ifanye ya kwanza, toka kwenye akaunti kisha uingie tena. Wengi huruka hatua hiyo ya kutoka, halafu husema kifurushi ni kibovu.

"Ili niandike Kiarabu lazima kompyuta nzima iwe ya Kiarabu." Maalimu wa madrasa huliuliza sana hili. La, maalim. Kibodi na menyu ni vitu viwili mbalimbali. Unaongeza kibodi ya Kiarabu, menyu zinabaki kwa Kiingereza, na kuruka kutoka moja hadi nyingine ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Hata kwenye ile leseni ya lugha moja jambo hili linakubalika. Kinachobaki ni stika za herufi za kubandika juu ya vitufe.

"Kiswahili kilikatika njiani, mbona nusu ni Kiingereza?" Hakikukatika. Katika Windows 10, Kiswahili huja kama tafsiri ya sehemu tu, inayolala juu ya Kiingereza. Kisichotafsiriwa hubaki vilevile. Kurudia kupakua ni kuitupa pesa. Na skrini ya kuingilia ikibaki na lugha ya zamani, hiyo ina mpangilio wake: tafuta mahali pa kunakili mipangilio ya lugha kwenye skrini ya makaribisho na akaunti mpya.

Hati za zamani za Kigujarati, zilizochapwa kabla ya Unikodi (mfumo mmoja wa namba za herufi za lugha zote) kuenea, ni kisa kingine. Zikifunguka kama mseto wa a, b na alama za ajabu, kifurushi cha lugha hakitazisaidia hata kidogo. Zinataka fonti ileile zilizoandikwa nayo, basi.

Kwa wanaotumia Ubuntu, mfumo wa Linux badala ya Windows: ukiambiwa vifurushi vya lugha havipatikani, usilaumu intaneti kwanza. Huenda orodha ya vifurushi ni ya zamani; fungua dirisha la amri (terminal), andika sudo apt update, kisha jaribu tena. Bado inakataa? Tazama toleo lako. Matoleo ya kawaida huhudumiwa miezi 9, yale ya LTS, yaani ya kuhudumiwa muda mrefu, miaka 5. Muda wa toleo la kawaida ukipita, vifurushi vyake huhamishwa kwenye seva ya matoleo ya zamani, na mashine inaendelea kubisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Hapo, pandisha toleo kwanza, lugha baadaye.