Usikanyage mafuta trela likianza kupiga mkia

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Mwanafunzi wangu, dereva mzuri wa gari dogo, amenunua trela la kuishi la mita saba na anataka kusafiri nalo majira ya baridi. Nikamuuliza: uko barabara kuu, upepo unakupiga ubavuni, trela limeanza kwenda kushoto na kulia nyuma yako, unafanya nini? Akajibu papo hapo: "Naongeza mwendo. Ukilivuta kwa nguvu linanyooka." Nani kakufundisha? Shemeji. Shemeji naye kafundishwa na mzee mmoja aliyevuta matrela miaka mingi.

Kazi yangu ni kufundisha kuvuta matrela, na jibu hilo nimechoka nalo. Linatolewa na watu wenye akili timamu, kwa kujiamini kabisa, na linaua. Kwa hiyo leo naliandikia kwa kirefu, ili kuanzia kesho nimpe mtu ukurasa huu asome kabla hajaketi kwenye usukani wangu.

Trela limeshikwa mahali pamoja tu, kwenye mpira wa kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari. Likichepuka, tairi zake ndizo zinazolirudisha mstarini. Mwendo ukiwa mdogo, kila myumbo unakuwa mdogo kuliko ule uliotangulia, na baada ya miyumbo miwili mitatu mambo yametulia. Mwendo ukipanda, kutulia kunachukua muda zaidi. Kisha kuna mpaka. Kila trela, kwa jinsi lilivyopakiwa siku ile, lina mwendo ambao ukiuvuka kila myumbo unakuwa mkubwa kuliko uliopita. Ukishafika huko, halitatulia lenyewe mpaka mwendo ushuke. Na ndipo mtu anakushauri uongeze mwendo!

Najua kwa nini imani hii haifi. Ukikanyaga mafuta, kiungio kinakazika, trela linavutwa mbele na kwa sekunde moja au mbili linajipanga kweli. Sikatai. Kama myumbo ulikuwa mdogo na ulikuwa bado chini ya ule mpaka, utatulia, lakini ungetulia hata ungeondoa mguu tu. Dereva anafika salama, anaamini mafuta ndiyo yaliyomwokoa, na msimu unaofuata anamfundisha mwingine. Mlimani gari limeelemewa na mwendo haupandi hata ukikanyaga, kwa hiyo huko wengi wameiona dawa yao ikifanya kazi. Wakishuka upande wa pili, kanuni ileile inawageuka.

Unachokitaka ni mambo mawili kwa wakati mmoja: trela livutwe nyuma ili linyooke, na mwendo ushuke. Kifaa cha kufanya yote mawili unacho tayari, kama trela lako lina breki za umeme. Ni ule mkono mdogo wa kidhibiti breki, unaofunga breki za trela peke yake. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, vuta ule mkono taratibu mpaka uhisi trela linakuvuta mgongoni. Usiguse breki ya gari, kwa sababu gari likipungua mwendo kabla ya trela, trela linakuja kukusukuma likiwa limepinda.

Na usilifukuze kwa usukani. Myumbo mmoja wa kwenda na kurudi unachukua sekunde moja hivi, mbili ukizidi. Hadi uwe umeuona kwenye kioo, umeamua, mikono imegeuka na gari limeitika, mkia umeshageuza upande. Unasukuma kulekule unakokwenda. Nimewahi kuketi kando ya mtu akifanya hivyo: myumbo wa kwanza ulikuwa wa kiganja, wa nne ulikuwa wa nusu ya njia, na yeye alikuwa anajitahidi kwa moyo wake wote. Niliuvuta ule mkono mimi. Tangu siku hiyo, kabla hatujatoka, namwambia mwanafunzi azime injini, afumbe macho na autafute mkono wa breki kwa vidole. Mara kumi. Kidhibiti kikiwa kimefungwa chini karibu na goti, tunakihamisha. Ambaye trela lake lina breki za kujisukuma, zile zinazojifunga gari likipungua mwendo, hana mkono wa kuvuta. Yeye aondoe mguu kwenye mafuta, anyooshe usukani, asubiri. Ni sekunde ndefu, lakini ndizo hizo.

Sasa upepo wenyewe. Watu wanaujua upepo kwa kelele zake na kwa matawi yanavyoinama, wakati nguvu yake inaongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Ubavu wa trela la mita saba una kama mita za mraba 17. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukiupiga ubavu huo unasukuma kwa nguvu ya takriban kilo 350. Ukifika 90, mara moja na nusu tu, unasukuma kwa karibu kilo 800. Kwa hiyo ukisoma utabiri, achana na wastani, tafuta kasi ya mikupuo, yaani ule upepo unaopiga ghafla. Wastani wa 40 wenye mikupuo ya 70 ni mbaya kuliko 50 tulivu, maana upepo tulivu unauzoea, unaegemea kidogo na maisha yanaendelea. Mkupuo ndio unaoanzisha myumbo. Unakupata unapotoka kwenye kinga: mwisho wa msitu, mwisho wa mlima uliokatwa, mwanzo wa daraja. Lori kubwa likikupita nalo ni mkupuo: pua yake inasukuma mkia wako nje, kisha ubavu wake unauvuta ndani. Punguza mwendo kabla, wakati ungali unaliona kwenye kioo.

Mimi nasimama mikupuo ikizidi 60 ya ubavuni. Niseme wazi kwamba hiyo ni namba yangu, niliyoifikia kwa kuvuta, na trela zito lililopakiwa vizuri litavumilia zaidi ya jepesi lililopakiwa ovyo. Ndiyo maana swali la "upepo wa ngapi ni hatari?" linanipa taabu kila ninapoulizwa. Jibu lake linaanzia kwenye mizani.

Uzito wa ulimi, yaani uzito ambao sehemu ya mbele ya trela inaukandamizia mpira. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo majira ya baridi yanapowaangusha hata waangalifu. Kanuni inayofundishwa Marekani ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikae kwenye mpira wa kuvutia. Ulaya wanaweka kama nusu ya hiyo, lakini Ulaya wanavuta polepole. Ujerumani kikomo cha kawaida cha gari lenye trela ni kilomita 80 kwa saa. Usichukue ulimi wa Ulaya ukauendesha kwa mwendo wa Marekani. Ulimi ukiwa mwepesi, ule mpaka wa mwendo niliousema unashuka, na trela linapiga mkia kwa upepo ambao mwezi uliopita halikuujali.

Chukua trela la kilo 2,500 lenye kilo 300 kwenye ulimi. Asilimia 12, safi kabisa. Baridi inakuja, unamwaga maji safi ili mabomba yasipasuke: lita 150 kwenye tangi lililo mita moja mbele ya ekseli, na kutoka ekseli hadi mpira ni mita tano. Ulimi umepoteza kilo 30. Njiani unatumia choo na sinki, kituo cha kumwagia kimefungwa kwa msimu, kwa hiyo tangi la maji machafu lililo mita mbili nyuma ya ekseli limejaa lita 120. Kilo nyingine 48 zimeondoka. Umefika 222, asilimia 9. Kisha unafunga baiskeli mbili na chuma chake kwenye bampa la nyuma kabisa, kilo 40, mita nne nyuma ya ekseli, na ulimi unabaki na 190. Ni chini ya asilimia 8, na hukugusa kitu ambacho ungekiita mzigo. Mwanafunzi anashangaa: "Lakini nilipima!" Ulipima kiangazi. Pima tena, trela likiwa jinsi litakavyosafiri. Kama huna mizani karibu, angalau mwaga machafu kabla ya kupanda barabara kuu na uache baiskeli nyumbani.

Mpaka hapa nimezungumzia lami kavu. Ikija barafu, baadhi ya niliyoyasema yanageuka, na vitabu vingi vinalipita jambo hili haraka.

Ile fimbo ya msuguano inayofungwa kati ya ulimi na gari ili kuzuia mkia, kwenye upepo ni rafiki. Kwenye barafu inaweza kukuponza. Unageuza usukani, tairi za mbele zinatafuta mshiko mdogo uliopo, na fimbo inalizuia gari lisipinde. Gari linaendelea moja kwa moja kana kwamba hukugeuza kitu. Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji yanasema uilegeze barabara ikiwa na utelezi. Sasa nieleze: siku yenye upepo mkali na barafu kwa pamoja, uikaze au uilegeze? Nimelifikiria swali hili miaka mingi na kila jibu nililolijaribu kichwani lina kaburi upande mmoja. Siku hiyo sivuti.

Hesabu nayo inaniunga mkono. Kwenye lami kavu, tairi za trela letu zenye kilo 2,200 juu yake zinaweza kushika ubavuni kwa nguvu ya zaidi ya kilo 1,500. Kwenye barafu yenye maji juu, ile inayopatikana halijoto ikikaribia sifuri, zinashika kama kilo 220. Upepo wa 60 unasukuma 350. Trela linaweza kutelezeshwa pembeni na upepo pekee, dereva akiwa hajakosea chochote. Na daraja linaganda kabla ya barabara, kwa kuwa baridi inalipata juu na chini, na ni hapohapo upepo hauna kizuizi.

Breki za trela zipunguzwe nguvu kwenye kidhibiti unapoingia kwenye theluji. Matrela mengi ya kuishi hayana mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame breki ikibanwa, na gurudumu lililokwama halishiki ubavuni hata kidogo. Mkia unatoka wenyewe na kukupita. Tafuta sehemu tupu, enda kilomita 20 kwa saa, vuta mkono, mtu mwingine asimame mbali aangalie magurudumu. Yakisimama huku trela likiserereka, punguza.

Kuna hali moja, moja tu, ambapo mafuta kidogo ni sahihi, na nadhani shemeji za watu wanaichanganya na ile nyingine. Unashuka mlima wenye theluji kwa gia ndogo, injini inazuia kwa nguvu kuliko mshiko uliopo, na tairi za nyuma za gari zinaanza kuteleza. Sasa trela linakusukuma kiuno na gari linataka kukunjana nalo kama kisu cha kukunja. Hapo rudisha mafuta kidogo, kiasi cha kuzifanya tairi zizunguke tena, huku ukivuta mkono wa breki za trela kwa upole. Kwenye mkunjo linaloteleza ni gari. Kwenye kupiga mkia ni trela. Ni magonjwa mawili, na dawa ya moja ni sumu ya jingine. Gia uichague ukiwa juu kabla ya kuanza kushuka, usiibadilishe katikati ya mteremko.

Mengine kwa haraka. Tairi zilizojazwa psi 65 siku ya nyuzi 25 zitasoma kama 57 asubuhi ya nyuzi 5 chini ya sifuri bila kuvuja hata kidogo, kwa hiyo pima upepo wa tairi kila asubuhi kabla ya kuondoka, zikiwa baridi. Minyororo ya theluji ya trela ivikwe tairi za ekseli yenye breki. Paa litolewe theluji: sentimita 20 za theluji mpya juu ya paa la mita 17 za mraba ni kama kilo 340, mzigo wote umekaa juu. Zima mfumo wa kushikilia mwendo. Plagi ya umeme wa trela ichomoe na uiangalie kila siku barabara zikiwa na chumvi. Nimefungua plagi iliyoota ukungu wa kijani kwenye pini ya breki, mwenye trela akiwa ameshavuta siku mbili bila breki.

Ukiamua kusimama, simama vizuri. Usiache trela ubavu ukiutazama upepo. Elekeza pua kule upepo unakotoka, liache limeungwa na gari, shusha miguu yote minne, rudisha ndani vyumba vya kuvuta, vile vinavyotokeza ubavuni, na kunja turubai. Ukikosa pa kugeuza pua, tafuta ukuta au msitu mnene upande wa upepo, mbali na miti inayoweza kuanguka. Kisha soma utabiri wa mikupuo wa saa sita zijazo, maana mara nyingi kinachokutenga na safari salama ni hizo saa sita.