Mfupa si chokaa tupu: dhana potofu kuhusu kupima protini za mfupa mgonjwa

Ukiisahau sufuria ya supu ya kongoro mezani usiku wa mwezi Juni hapa Mbeya, asubuhi utaikuta imeganda na inatikisika kama jeli. Kilichoigandisha ni kolajeni, protini iliyochemka ikatoka kwenye ngozi, kano na mifupa ya mguu wa ng'ombe. Naanza na sufuria hiyo kwa sababu dhana iliyo ngumu kuwatoa watu ndiyo hii ya kwanza.

Dhana: Mfupa ni chokaa, hauna protini ya kupimwa.

Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini, ambayo karibu asilimia 90 yake ni kolajeni. Anayetaka kujionea atumbukize mfupa wa paja la kuku kwenye siki kwa siku kadhaa: madini yatayeyuka, nao utapindika kama mpira. Mwingine auchome kwenye mkaa mpaka uwe mweupe; protini ikishaungua, mfupa huo hupondeka kwa vidole. Maabara nayo huanza hivyo hivyo. Kipande cha mfupa mgonjwa husagwa, madini huondolewa, kisha kimeng'enya kiitwacho tripsini hukatakata protini kuwa vipande vifupi, yaani peptidi. Mashine hupima uzito wa kila peptidi kwa usahihi mkubwa, na kompyuta huulinganisha na orodha ya protini zinazojulikana, hata mtafiti akajua zipi zimezidi na zipi zimepungua.

Dhana: Kipimo cha vinasaba kinatosha.

Seli ya mfupa na seli ya ini za mtu mmoja zina vinasaba vilevile kwa kiasi kikubwa. Kinachozitofautisha ni protini zinazotengenezwa. Chukua sklerostini, protini inayotolewa na seli zilizozama ndani ya mfupa ili kuzuia ujenzi usipite kiasi. Wanaozaliwa bila hiyo hupata sklerosteosisi, ugonjwa uliochunguzwa sana miongoni mwa Waafrikana (Makaburu) wa Afrika Kusini, ambapo mifupa hunenepa hadi kubana mishipa ya fahamu kichwani. Ujuzi huo ndio uliozaa romosozumab, dawa inayoizuia sklerostini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake waliokoma hedhi ambao mifupa yao imedhoofika na iko katika hatari kubwa ya kuvunjika.

Dhana: Haya ya kupima protini ni mambo ya juzi.

Katika miaka ya 1840, daktari Henry Bence Jones wa London alichunguza mkojo wa mgonjwa ambaye mifupa yake ilikuwa laini na ikivunjika, akakuta protini ngeni ndani yake. Mgonjwa huyo alikuwa na mailoma, saratani ya uboho, na protini hiyo bado hutafutwa leo.

Dhana: Mfupa ukivimba ni baridi, achuliwe.

Hili linaniuma. Katika nyanda hizi zenye ukungu na upepo, goti la kijana likivimba na kumkosesha usingizi, neno la kwanza ni baridi na la pili ni kuchua. Baridi haioteshi uvimbe ndani ya mfupa. Uvimbe unaokua karibu na goti la kijana unaweza kuwa osteosakoma, yaani saratani ya mfupa, au maambukizi ya bakteria, hasa Staphylococcus aureus, na kwa mtoto mwenye selimundu pia Salmonella. Kuchua hakutibu lolote kati ya hayo, bali hula wiki ambazo mgonjwa alipaswa kupigwa eksirei.

Dhana: Kupima protini kutaondoa haja ya kukata kipande cha mfupa, nacho kipande husambaza saratani.

Uchambuzi wa protini za mfupa wenyewe kwa sasa ni kazi ya watafiti zaidi. Ugonjwa huthibitishwa kwa kipande kinachosomwa chini ya hadubini na, panapohisiwa maambukizi, kwa kuotesha vimelea. Tena hata mtafiti wa protini hukihitaji kipande hicho hicho. Kikichukuliwa kwa mpango, na timu itakayomfanyia mgonjwa upasuaji, hatari ya kusambaza ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya kutibu bila kujua. Mzazi anayeambiwa kipande kinahitajika ana haki ya kuuliza nani atakichukua, kitapelekwa maabara gani, na majibu yatatoka lini.