Bajaji Ikiwa Juu ya Jeki: Kabla Hujafungua Shokapu

Mwenye bajaji wa Mbeya hahitaji kuelezwa shokapu inavyokufa. Ukiiacha lami ya Mafiati ukaanza kupanda vichochoro vya kuelekea Mlima Loleza, au ukaingia Isyesye baada ya mvua za Januari, kila shimo linaishia kwenye springi za nyuma. Nyuma kuna injini, kuna abiria watatu, na miguuni mwao mara nyingi kuna gunia la viazi. Baada ya muda bajaji inaanza kulalia upande mmoja, mafuta yanachuruzika kwenye shokapu, abiria wanalalamika migongo, na mwenye chombo anaamua kununua shokapu mpya Mwanjelwa akaifunge mwenyewe nyumbani siku ya Jumapili.

Uamuzi huo siupingi. Nafundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi stadi hapa jijini, na ukweli ni kwamba shokapu ya nyuma ya bajaji imeshikwa na boli ya juu na boli ya chini, basi. Kinachoumiza watu ni zile dakika tano za kupiga jeki, ambazo kila mtu anazikimbiza ili afike kwenye kazi.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Bajaji ni chungu kilichokaa juu ya mafiga matatu. Gari la tairi nne ukilinyanyua pembe moja, bado lina matatu ardhini. Bajaji ukiinyanyua upande mmoja wa nyuma yanabaki mawili, na figa la tatu ni hiyo jeki yako. Ikiteleza, hakuna kingine cha kudaka uzito, na bajaji inaangukia upande uleule uliochuchumaa wewe.

Kwa hiyo mahali pa kuweka jeki si jambo la kubahatisha. Ukiisogeza katikati ya tumbo la bajaji kwa kuwa huko kuna nafasi ya kupampu, mafiga yanakaribiana, na uzito unakaa ukingoni kabisa. Mtu akiegemea bodi tu, chungu kinamwagika. Iweke kwa nje, karibu na tairi unalotaka kulitoa, chini ya chuma kinene cha chasisi. Bati la sakafu lisikudanganye kwa kuwa tambarare: linabonyea, kisha linatoboka. Kati ya kichwa cha jeki na chasisi weka kipande cha ubao, maana chuma juu ya chuma kinateleza, hasa kikiwa na grisi ya miaka mitatu.

Sasa nije kwenye jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Nawaambia wanyanyue tairi moja la nyuma, waingize gia, wazime injini, kisha wasukume. Wote wanaamini haitakwenda, kwa sababu wamezoea kuegesha na gia. Inakwenda. Lile tairi lililo hewani linazunguka kinyumenyume, na la chini linatembea kama vile hakuna gia. Hiyo ndiyo kazi ya difu, zile gia zinazogawa mzunguko wa injini kwa tairi mbili za nyuma: imetengenezwa ili bajaji ikikata kona, tairi la nje lizunguke zaidi ya la ndani. Mtaani inakusaidia, juu ya jeki inakuuza. Gia peke yake haishiki bajaji iliyonyanyuliwa tairi moja la nyuma.

Itabaki breki ya mkono, ambayo kwenye bajaji nyingi inashika tairi za nyuma. Hapo nawauliza madereva swali moja: yako inashika? Wengi wanacheka. Na hata ikishika, ukizinyanyua tairi zote mbili za nyuma kwa pamoja, breki hiyo inashika hewa. Kilichogusa ardhi ni tairi la mbele tu, ambalo si tu kwamba linabingirika, bali linakata kona pia.

Dawa yake unaijua kama umewahi kusimama nyuma ya lori bovu kwenye mlima wa Kitonga. Lori halijatulia, utingo ameshashuka na gogo anakimbilia tairi la nyuma. Fanya vivyo hivyo nyumbani, ila wewe weka kabari mbele na nyuma ya tairi zote zinazobaki chini. Kabari iwe ya mbao iliyochongwa mshazari na isukumwe mpaka ibane. Jiwe la mviringo ni tairi jingine tu.

Kuhusu uwanja, mji wetu umekaa kwenye miteremko na si kila mtu ana sakafu ya zege. Ukiweka chupa ya maji ikalala na kuanza kubingirika, hapo si mahali pa kupiga jeki; isogeze bajaji, hata kama ni kuomba uwanja wa jirani. Udongo wetu pia una tabia yake. Sehemu kubwa ya ukanda huu, kuanzia Uyole hadi Rungwe, ni udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, mzuri kwa viazi na mbaya kwa jeki. Piga hesabu. Bajaji tupu inazidi kilo 300, na kwa kuwa injini iko nyuma, tuseme tairi moja la nyuma limebeba kilo 120. Kitako cha jeki ya chupa, ile ya mafuta yenye umbo la chupa, chenye sentimita 10 kwa 10 kina eneo la sentimita za mraba 100, hivyo kila sentimita ya mraba inakandamizwa na zaidi ya kilo moja. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 30 kwa 40, na mzigo uleule unagawanywa kwa 1,200: gramu 100 tu kwa kila sentimita. Jeki iliyokuwa inazama huku inaegama sasa inasimama. Ubao huo wa msindano ni mabaki yanayotupwa kwenye karakana yoyote ya seremala.

Tatizo la jeki ya chupa ni kwamba hata ikishushwa yote bado ina kimo chake, na ukiongeza ubao chini inaweza kukataa kuingia. Usitoe ubao. Pandisha kwanza tairi la nyuma juu ya kipande cha mbao, utapata nafasi. Na kabla ya kupampu, legeza nati za tairi nusu mzunguko likiwa bado limekanyaga chini. Kuivuta spana ya tairi wakati bajaji iko juu ni kuisukuma uidondoshe mwenyewe.

Jeki ikishanyanyua, kazi yake imekwisha. Jeki ya mafuta inasimama kwa sababu ya raba ndogo na valvu ndogo. Raba ikichoka inashuka, polepole au ghafla. Uzito ukabidhi kwenye stendi za chuma, zile zenye meno ya kupandishia. Kama huna, kata mbao za 2 kwa 4 urefu wa futi moja na nusu, uzipange mbilimbili kwa kupishana, safu ya chini zikilala kaskazini-kusini na inayofuata mashariki-magharibi, mpaka zifike kwenye chasisi. Kimo cha rundo kisizidi urefu wa mbao zenyewe. Kisha shusha jeki taratibu hadi chasisi ikalie rundo, na uiache jeki palepale ikigusa kidogo, kama shahidi.

Tofali hapana. Nasema hivi nikikumbuka mkono wangu. Nikiwa kijana najifunza kazi katika gereji moja ya mtaani, tuliweka bajaji juu ya matofali ya kuchoma matatu, na tairi tulishalitoa. Nilikuwa nimeshika ngoma ya breki kwa chini, spana ikaniponyoka, nikauvuta mkono kuifuata. Tofali la katikati likapasuka. Mti hulia kabla haujavunjika, unasikia nyuzi zikikatika na unapata nafasi ya kuruka. Tofali halina salamu. Ngoma ya breki ilitua palepale palipokuwa na vidole vyangu. Fundi mkuu alinitazama, akaenda kuleta matofali mengine.

Kuna njia nyingine ambayo msomaji atakuwa ameiona: vijana wanne wanaishika bajaji ubavuni, wanahesabu moja, mbili, tatu, na kuilaza kama ng'ombe wa kuchinjwa. Sitajifanya haipo. Ni ya haraka, na inaacha wazi sehemu zote za chini. Lakini petroli inatoka kwenye kifuniko cha tangi, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na unatambaa chini kutafuta jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani. Maji ya betri yana tindikali. Oili ya injini inahamia isikotakiwa, na ukiwasha muda huohuo baada ya kuiinua unapata moshi mweupe na maswali mengi. Kwa shokapu tu, hakuna sababu ya kuilaza. Ikiwa lazima kwa kazi nyingine, toa betri kwanza, ukianza na waya wa hasi, punguza petroli, na moto wowote uwe mbali kabisa.

Basi bajaji imekaa kwenye stendi, kabari zimebana. Isukume kwa mkono kutoka ubavuni, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu zaidi. Kama itaanguka, ianguke sasa, kabla hujaingiza mkono. Toa tairi, ulilaze chini ya chasisi upande uleule: siku mambo yakiharibika, hiyo ringi ndiyo itakayokuachia upenyo.

Mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma sasa unaning'inia kwenye shokapu. Ukichomoa boli ya chini hivihivi, mkono unashuka na kuvuta mpira wa breki na ekseli. Weka jeki ya pili au gogo chini yake kabla ya kugusa spana. Boli ikigoma kutoka baada ya nati kufunguka, acha nyundo. Imebanwa na uzito. Pandisha ile jeki ya pili kidogo, shusha kidogo, huku ukiizungusha boli kwa vidole. Utafika mahali itateleza yenyewe kama kijiti kwenye ulanzi. Hapo mzigo umeisha.

Shokapu ikitoka, itoe nzima na ufunge nyingine nzima. Usijaribu kufungua nati iliyo kichwani mwa shokapu yenyewe, ile inayoshikilia springi, ili uokoe springi. Hata ikiwa mezani springi hiyo imebanwa, na nati ikiachia inaruka na kofia yake usoni mwa aliyeinamia. Kuna kifaa cha kuibana, na kipo kwa mafundi wanaokijua. Badilisha pia za pande zote mbili, maana mpya na ya zamani hazivuti sawa. Maliza upande mmoja, shusha, ndipo uhamie wa pili.

Shokapu ya mbele ni nyepesi zaidi. Bajaji inabaki na miguu miwili mipana ya nyuma, hivyo inatulia, lakini mtu asipande kiti cha abiria kuota jua: uzito ukizidi nyuma, mbele panaachana na stendi. Wenye guta la mizigo wao washushe mzigo wote kwanza. Springi zao za nyuma ni mabamba yaliyopangwa, kwa hiyo stendi inakaa chini ya chasisi na jeki ya pili chini ya ekseli, ndipo yubolti, zile boli zenye umbo la U zinazofunga mabamba kwenye ekseli, zilegezwe.

Usifanye kazi hii peke yako nyumbani. Awepo mtu mzima karibu, na watoto wasiwepo. Bajaji ikimwangukia mtu, asivutwe. Watu wainyanyue bajaji, mmoja aingize mbao kadiri inavyopanda, mwingine apige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Wakati wa kufunga, boli zenye bushi za raba zikaze kwa mkono tu bajaji ikiwa bado juu. Shusha bajaji, ikae kwenye tairi zake, ibonyeze nyuma mara mbili tatu ijiweke, kisha zikaze kwa nguvu. Ukizikaza ikiwa inaning'inia, raba zinajisokota pale bajaji inapokaa chini na hazifiki mwezi. Zungusha uwanjani bila abiria, ukisikiliza. Siku mbili baadaye, kabla hujaenda kijiweni, chukua spana upitie nati zote tena.