Je, wajua kwa nini mawingu yang'aayo usiku hayaonekani Lamu?

Jua likizama upande wa bara, mawingu mepesi yaliyo juu ya Lamu hubaki na rangi ya chungwa kwa muda, na walioketi ufukweni huyapiga picha. Wapo wanaoamini kuwa hayo ndiyo mawingu yang'aayo usiku, yale ya rangi ya fedha na buluu yanayosifika Ulaya ya kaskazini. Siyo, na saa ya mkononi inatosha kuthibitisha. Mawingu hayo mepesi, yaitwayo sirasi, huelea kama kilomita 12 juu. Karibu na ikweta jua huzama wima na kwa haraka, hivyo baada ya dakika 15 hivi wingu la aina hiyo lililo utosini huwa limeshapoteza mwanga na kuwa kijivu. Wingu la usiku hukaa kwenye kilomita 83. Lingekuwepo juu ya Lamu, lingemulikwa kwa dakika 40 hivi, nyota zikiwa zimeanza kutoka.

Kwa nini basi halipo? Jibu linalotolewa upesi ni joto letu: mawingu hayo ni barafu, na barafu ni ya ncha za dunia wakati wa baridi kali. Barafu ni kweli, tena chembe zake ni ndogo mno, hazizidi sana sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Lakini huganda majira ya joto! Kaskazini ya dunia msimu wake ni mwishoni mwa Mei hadi Agosti, sisi tukiwa kwenye kusi, na kule nchani jua halitui kabisa. Ndipo joto la hewa ya juu hushuka hadi nyuzi 130 chini ya sifuri na zaidi. Hakuna pahali baridi zaidi katika angahewa yote ya dunia.

Baridi hiyo huletwa na mawimbi. Wimbi la bahari kuu hupita chini ya jahazi, likaliinua na kulishusha, bila kulipeleka popote. Likifika kwenye mwamba hupanda, hupinduka na kuvunjika, na hapo ndipo nguvu lililoibeba toka mbali inageuka mkondo unaosukuma. Hewa nayo ina mawimbi, yanayozaliwa na milima, dhoruba na pepo. Yanapopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi, nayo yanazidi kuwa makubwa, hadi yanavunjika huko juu na kuisukuma hewa kutoka ncha yenye kiangazi kuelekea ncha yenye baridi. Hewa ya chini hupanda kujaza pengo. Ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa.

Lamu iko katikati ya safari hiyo. Hewa hupita juu yetu ikielekea kando, haipandi kwa nguvu kama nchani. Baridi ipo, ila haitoshi kugandisha mvuke ambao huko juu ni molekuli chache tu katika kila milioni.

Mawingu haya yalianza kuripotiwa kwa wingi mwaka 1885, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatoa kulipuka. Huenda mlipuko ulirusha mvuke juu, lakini uhusiano huo haujathibitishwa. Huenda pia watu walikuwa wanazitazama mbingu za machweo zaidi kuliko kawaida. Mwanaastronomia Otto Jesse wa Berlin ndiye aliyeyapiga picha kutoka sehemu mbalimbali kwa wakati mmoja, akakokotoa kimo cha kilomita 82 hivi. Vipimo vya leza vya leo vinamuunga mkono, jambo la kustaajabisha kwa kamera za enzi hiyo.

Kinachonivutia zaidi ni mistari iliyo katika mawingu haya. Julai 2018 puto la NASA lilielea kutoka Sweden hadi Kanada likiyapiga picha mfululizo, na zikaonekana kunjo zikisimama, zikijiviringisha na kusambaratika. Ni mawimbi yaleyale yanayoleta baridi, yakivunjika mbele ya kamera.

Mwenye ndugu Edinburgh au Stockholm amwambie atazame karibu na upeo wa macho upande wa kaskazini mwezi Juni au Julai, saa moja au mbili baada ya jua kutua, na apige picha kila baada ya dakika moja. Akizitazama kwa mfuatano, ataiona mistari ikisogea.